Kibarua na kitabu: miaka mitatu ya kufanya kazi huku nasoma Mlimani

Nilipojiunga na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yaani Mlimani, Novemba 2020 kusomea takwimu, Bodi ya Mikopo ilinipa hela ya kula na malazi, lakini kwenye ada ilinipa sehemu tu. Iliyobaki ilikuwa juu ya nyumbani, na nyumbani kwetu Makambako baba ni fundi cherehani mwenye watoto wengine watatu shuleni. Bumu, kama tunavyoiita hela hiyo ya kula na malazi, wakati ule lilikuwa shilingi 8,500 kwa siku, likiingia kwa mkupuo wa siku sitini, yaani 510,000. Ukiisikia laki tano na kumi ukiwa ndiyo kwanza umetoka kidato cha sita, unaona umetajirika. Wiki ya kwanza unanunua godoro, ndoo na pasi, unatuma kidogo nyumbani kwa sababu wanajua limetoka, unalipia kopi za madesa, yaani notisi. Ikifika wiki ya sita unakula mlo mmoja kwa siku na kuulizia kila kona lini tunasaini kupokea bumu lijalo.

Hapo ndipo karibu kila mwanafunzi anaanza kusema anatafuta kamishe, yaani kibarua. Nami nilisema hivyo, na nikafanya kazi kuanzia mwaka wa kwanza mpaka nilipomaliza mwaka 2023. Naandika kwa ajili ya wadogo zangu wanaoingia chuo sasa, kwa sababu kuna miezi niliyoumia bila sababu, na kuna miezi niliyosoma vizuri, nikala vizuri na kumlipia mdogo wangu michango ya shule. Tofauti ya vipindi hivyo viwili haikutokana na mshahara. Ilitokana na saa ambazo kazi ilizila, na mahali ilikozitoa: kwenye usingizi, kwenye vipindi, au kwenye muda ambao kweli nilikuwa nao.

Nianze na matangazo, maana ndiko wengi wanakoanzia. Nje ya Mabibo Hosteli, nilikokaa mwaka wa kwanza, yalibandikwa kwenye nguzo za umeme: wanahitajika vijana ishirini, kidato cha nne na kuendelea, kazi ya ofisini, mshahara 450,000, piga namba hii. Jina la kampuni hakuna, anuani hakuna. Rumeti wangu alipiga. Akaambiwa aende Sinza na CV, picha mbili za pasipoti na 20,000 ya fomu na kitambulisho. Nilimsindikiza. Tulikuta chumba kimejaa vijana kama sisi, wengine wamevaa suti za kuazima, na kaka mmoja ameshika maikrofoni akitueleza habari za watu walionunua magari ndani ya miezi sita. Kazi yenyewe haikutajwa mpaka hela za fomu zilipokwisha kukusanywa. Ilikuwa ni kununua boksi la virutubisho kwa fedha yako, uuze, kisha ulete watu wengine nao wanunue. Rumeti alilia njia nzima kurudi. Ile 20,000 ndiyo ilikuwa chakula chake cha wiki.

Tangu siku ile nina kanuni moja ambayo haijaniangusha: anayekuajiri ndiye anayetoa hela. Ukiombwa ya fomu, ya sare, ya mafunzo au ya kufunguliwa faili, ondoka, hata kama ofisi ina kiyoyozi na wafanyakazi wana tai. Siku hizi wamehamia WhatsApp na Telegram. Unaambiwa ubonyeze alama ya kupenda kwenye video ulipwe, siku mbili za mwanzo unalipwa kweli elfu mbili au tatu, siku ya tatu unaambiwa uweke laki moja ili upande daraja. Ukiiweka, umeaga.

Kazi yangu ya kwanza ya kweli niliipata Aprili 2021, kwa miguu. Nilivaa vizuri nikapita duka kwa duka eneo la Mabibo, nasalimia, najitambulisha kuwa ni mwanafunzi na kuuliza kama wanahitaji msaidizi wa jioni. Watu wengi wanaona aibu kufanya hivi. Mimi nilikuwa na aibu pia, na jibu la kwanza la hapana lilinifanya nitamani kurudi hosteli nikalale. Lakini wafanyabiashara wadogo hawatangazi nafasi zao popote. Wanamchukua aliyesimama mbele yao siku waliyochoka. Mama mmoja mwenye steshenari, ambayo pia ilikuwa na uwakala wa miamala ya simu, alinitazama akaniuliza, "Mwanangu, hesabu unazijua?" Nikamjibu nasomea takwimu. Akaniambia nianze Jumatatu: saa kumi na moja jioni mpaka saa nne usiku, siku sita kwa wiki, 120,000 kwa mwezi.

Niliona nimepata. Nilimpigia mama nikamwambia asiwe na wasiwasi tena. Sikuwa nimepiga hesabu ambayo sasa namwambia kila mtu aipige kabla ya kusema ndiyo. Saa tano kwa siku, siku sita, ni saa thelathini kwa wiki. Kwa mwezi zinakaribia 130. Gawanya 120,000 kwa 130: haifiki shilingi 1,000 kwa saa. Na zile saa tano ndizo wenzangu walikuwa maktaba mpya ya chuo wanapiga msuli wa kusoma.

Kwa wanaofikiria uwakala, nieleze jinsi unavyokwenda, kwa sababu ndiyo kazi inayopatikana kwa urahisi kuzunguka vyuo vyote na ndiyo inayowaingiza wanafunzi kwenye madeni. Mwenye duka anakuwa na mtaji uliogawanyika mara mbili: keshi iko kwenye droo, floti iko kwenye simu. Mteja akiweka hela, keshi inapanda na floti inashuka. Akitoa, inakuwa kinyume chake. Jumla ya vyote viwili inatakiwa ibaki ileile, ukiongeza kamisheni. Usiku unafunga hesabu, na jumla ikipungua, wewe uliye dukani ndiye unayeulizwa. Mimi nilikuwa napokea droo kutoka kwa dada wa zamu ya mchana, na hapakuwa na utaratibu wa kuhesabu wakati wa kupokezana. Tulikuwa tunasalimiana, yeye anachukua mkoba wake anaondoka, mimi nakaa. Usiku mmoja ilipungua 40,000. Huenda ilikosewa namba, huenda ilitolewa mara mbili, huenda ilipotea mchana. Nilirudia kuhesabu mpaka mlinzi wa jirani akaja kuuliza kama niko salama. Mwisho wa mwezi zilikatwa zote kwangu, na nikapokea 80,000.

Kwa hiyo ukipewa kazi ya kushika hela za mtu, weka sharti siku ya kwanza kabisa, kwa adabu: tunahesabu wote wawili kila tunapopokezana, tunaandika keshi na floti kwenye daftari, tunasaini. Mama wa duka hatakasirika. Mfanyabiashara makini atakuheshimu. Asiyetaka daftari anakwambia mapema kwamba hasara ikitokea ni yako. Na uliza neno kwa neno: hela ikipotea inakuwaje?

Julai 15 mwaka ule tozo za miamala zilianza. Wateja waliokuja kutoa hela walikuwa wananifokea mimi kana kwamba nilikaa bungeni nikapitisha. Ndiyo ilikuwa miezi ya UE, mtihani wa mwisho wa muhula. Niliomba kuondoka saa moja mapema kwa wiki mbili nijisomee, nikajibiwa kwamba kama siwezi kazi wako wengi wanaoitaka. Majaribio yetu mengi ya muhula yalipangwa jioni na Jumamosi, na kila jaribio lilikuwa ugomvi dukani. Nilikuwa naingia darasani saa mbili asubuhi nikiwa nimelala kwa saa tano tu, nasinzia, naandika nusu ya somo. Pale alama 40 zinatokana na kazi za muhula na 60 na mtihani wa mwisho, na mimi nilienda kwenye mtihani nikiwa na alama za muhula zilizochoka. Somo moja la hisabati lilinirudisha Septemba kufanya supu, yaani mtihani wa marudio. Wenzangu walikuwa makwao. Mimi nilibaki Dar nalipa kula na kulala kwa hela ileile niliyoifanyia kazi, na mwisho wa yote hakuna kilichobaki. Baba aliniuliza kwenye simu, kwa upole kabisa, kama nilikwenda chuo kusoma au kutafuta hela. Nilikosa jibu.

Niliacha kazi Agosti, na nusu ya mshahara wa mwezi ule ikawa mgogoro. Kila nikienda naambiwa njoo kesho. Rafiki yangu aliyekuwa anasoma sheria ndiye aliyenifumbua macho. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haisemi mwanafunzi si mfanyakazi. Ukimfanyia kazi mwajiri mmoja siku sita au zaidi kwa mwezi, anatakiwa akupe kwa maandishi maelezo ya kazi yako: majukumu, saa za kazi, malipo na namna yanavyokokotolewa. Akikudhulumu malipo unaweza kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile inayoitwa CMA, na kufungua shauri hakulipiwi. Kinachowaponza wengi ni muda: mgogoro wa malipo unatakiwa upelekwe ndani ya siku 60, na wa kuachishwa kazi ndani ya siku 30. Wanafunzi wanadaiana na mabosi miezi mitano kwa maneno ya njoo kesho, wakija kushtuka muda umepita.

Mimi sikufika huko. Tuliandika barua ya ukurasa mmoja, yenye tarehe nilizofanya kazi na kiasi ninachodai, tukataja CMA kwenye sentensi ya mwisho, na nikaipeleka kwa mkono nikiwa na nakala ya kusainiwa. Siku iliyofuata hela iliingia kwenye simu, pungufu ya hela ya kutolea. Nilikuwa na ushahidi kwa sababu nilikuwa naandika siku zangu kwenye daftari dogo. Kama unafanya kazi isiyo na mkataba, fanya hivyo, na meseji za bosi usizifute. Meseji inayosema "kesho uje saa kumi na moja" inaweza kusaidia kuonyesha kwamba ulikuwa mfanyakazi wake.

Mwaka wa pili ulibadilika kwa sababu ya dada mmoja wa mwaka wa tatu tuliyekuwa tunasali naye. Alikuwa anafundisha twisheni mtoto wa kidato cha kwanza Mbezi Beach, na ratiba yake ya mwaka wa mwisho ilikuwa imembana. Aliniuliza kama naweza kumshikia. Nilikwenda naye mara ya kwanza. Tulishuka Tangi Bovu, tukatembea mpaka kwenye nyumba, na mama wa nyumba akatupokea sebuleni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Huyu ndiye mwalimu mpya? Mbona mdogo hivi?"

Dada yule alicheka akamwambia, "Mama, huyu hesabu anazifanya vizuri kuliko mimi." Baada ya sentensi hiyo moja hakuna aliyeniomba CV wala cheti. Niliambiwa bei ni ileile aliyokuwa analipwa mwenzangu, 15,000 kwa kipindi cha saa mbili, mara mbili kwa wiki.

Sasa rudi kwenye hesabu. Vipindi vinane kwa mwezi ni 120,000, sawasawa na mshahara wa duka. Nauli wakati ule ilikuwa 400 kwa daladala, nami nilipanda mbili kwenda na mbili kurudi, kupitia Mwenge: 1,600 kwa siku, 12,800 kwa mwezi. Kwenda na kurudi, pamoja na foleni ya Barabara ya Bagamoyo, tuseme saa tatu. Kwa hiyo kila kipindi kilinila saa tano, na mwezi mzima saa arobaini. Toa nauli, gawanya: inakaribia 2,700 kwa saa, wakati dukani sikufika hata elfu. Na saa zile nilizichagua mimi: Jumatano mchana ambayo sikuwa na vipindi, na Jumamosi asubuhi. Wiki ya UE nilimwambia mama mapema, tukasogeza. Mei 2022 nauli ilipopanda kuwa 500, nilimweleza, akaniongezea mwenyewe.

Ufundishaji wenyewe ulinifurahisha kuliko nilivyotarajia, nami sikuwahi kufikiria kuwa mwalimu. Mtoto yule alikuwa anapata alama za chini kwenye aljebra, na shuleni walikuwa wanamrudishia aljebra ileile kila siku. Nilikaa naye vipindi viwili bila kugusa kitabu chake. Nikagundua tatizo liko nyuma kabisa, kwenye namba hasi. Ukimpa hasi tatu utoe tano, anaandika hasi mbili. Ukimpa hasi tatu mara hasi tano, anaandika hasi kumi na tano. Kila mlinganyo aliouanza vizuri ulikuwa unaharibikia hapo, na alikuwa ameshaamini kwamba yeye hana akili za hesabu. Nilichora mstari wa namba kwenye karatasi ya kalenda ya zamani, tukaubandika ukutani, na kila swali analitembeza kwa kidole. Baada ya wiki chache akaanza kunisahihisha mimi. Mama alipoona matokeo ya muhula, aliwaambia wenzake wa kikundi, na nikapata nyumba ya pili mtaa wa jirani bila kuomba. Wanafunzi wawili kwa safari moja, nauli ileile. Hapo ndipo kazi ilianza kunilipa kweli.

Kuna mambo ya twisheni ambayo ni lazima niyaseme wazi. Malipo: wazazi wengi wana nia njema lakini wanakuona kama binti yao, na binti wa nyumbani hadai. Kubaliana mwanzoni kwamba unalipwa kila baada ya vipindi vinne, ili hata ikikwama, usiwe umefanya kazi ya mwezi mzima bure. Kama wanatuma kwa simu, sema watume na ya kutolea. Kipindi ambacho umefika na mtoto hayupo, kinahesabiwa. Hilo nalo likubalike mapema, maana nauli imeshakwenda.

La pili ni usalama, hasa kwa sisi mabinti. Fundisha sebuleni au barazani, mlango wazi, mtu mzima mwingine akiwepo. Nilikuwa na nyumba ambapo baba alianza kurudi mapema siku za kipindi, akitaka kunirudisha kwa gari, akitaka namba yangu ya simu nyingine. Niliacha bila kudai malipo ya mwisho na sijawahi kujuta. Mwambie mtu mmoja anwani ya nyumba unayokwenda na saa ya kurudi, kila mara.

La tatu ni kalenda. Watoto wa darasa la saba wanafanya mtihani wa Taifa Septemba. Darasa la nne, kidato cha pili na kidato cha nne wanafuata kati ya Oktoba na Novemba. Chuo, kwa upande wetu, kilikuwa kinafunga Julai au Agosti baada ya UE mpaka Oktoba au Novemba. Ukipanga kubaki mjini sehemu ya likizo, unakutana na miezi ambayo wazazi wanatafuta walimu kwa udi na uvumba, wakati wewe huna kipindi hata kimoja. Miezi ile mitatu ya mwaka wa pili nilitengeneza hela kuliko muhula mzima. Kwa mwanafunzi anayeweza kufundisha hesabu, fizikia, kemia au Kiingereza, sijaona kazi inayofanana na ratiba ya chuo kama hii.

Mwaka huohuo wa 2022 ulikuwa wa Sensa ya Watu na Makazi. Nafasi za makarani na wasimamizi zilitangazwa wazi, maombi yalikuwa ya mtandaoni, bure, na usaili ulifanyika katika ngazi za chini. Marafiki zangu wengi hawakuomba. Walisema zile nafasi zina wenyewe. Mimi niliomba nikapata. Sisemi kila aliyeomba alipata, na najua wapo waliostahili wakakosa. Lakini asiyeomba hapati kwa hakika. Tulifundishwa kwa wiki kadhaa kutumia dodoso kwenye vishikwambi, na usiku wa kuamkia Agosti 23 kazi ikaanza. Nchi nzima tulihesabu watu 61,741,120. Kila ninapoiona namba ile kwenye ripoti, najua kaya nilizozigonga mlango zimo ndani yake. Serikali huwa na kazi za muda za namna hii: sensa, uboreshaji wa Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, uchaguzi. Zinakuja na kupita, na zinatangazwa. Uwe na namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha Taifa, vyeti vyako viwe vimeskaniwa kwenye simu, na barua ya serikali ya mtaa usiitafute siku ya mwisho.

Uzoefu ule ndio uliofungua kazi iliyonibeba mwaka wa tatu: udodosaji. Dar ina taasisi na kampuni nyingi za utafiti, na walimu wetu wa chuo wenyewe wana miradi. Wanahitaji vijana wa kukusanya takwimu kwa siku tano, kumi, wakati mwingine mwezi. Malipo niliyoyapata mimi yalikuwa kati ya 30,000 na 50,000 kwa siku. Ubaya wake ni kwamba kazi za vijijini haziangalii ratiba yako. Niliitwa kwenda wiki mbili katikati ya muhula kwa hela ambayo ingemaliza deni langu lote la ada, nikakaa kitandani usiku kucha na ile ratiba ya vipindi mkononi. Nilikataa. Iliniuma mno, na mwenzangu aliyekwenda alirudi na simu mpya. Niliendelea kuchukua kazi za wikendi Kisarawe na Mkuranga, na zaidi ya zote, mahojiano ya simu, ambapo unapewa orodha ya namba na kuzipigia ukiwa hosteli. Watu wanapokea zaidi baada ya saa kumi na mbili jioni, kwa hiyo mchana wako unabaki wa darasani. Kwa mwanafunzi hizo ndizo za kuzikimbilia.

Udodosaji una jaribu lake. Ukichoka, nyumba iko mbali, jua kali, unaweza kukaa chini ya mti ukajaza majibu mwenyewe. Kijana mmoja kwenye timu yetu alifanya hivyo. Hakujua kwamba kishikwambi kinaandika mahali ulipo na dakika ulizotumia kwa kila dodoso. Madodoso yake ya saa nzima yalikuwa yameisha kwa dakika kumi na mbili, yote yakiwa sehemu moja. Msimamizi hakugombana naye. Alimlipa siku zake halali, akamtoa, na jina lake likasambaa kwa wasimamizi wengine, maana wanafahamiana wote. Kazi hizi hazina usaili wa maana. Msimamizi anafungua simu na kupiga kwa wale ambao takwimu zao hazikumletea maswali. Mimi nilikuwa naitwa kwa sababu nilikuwa nikikuta nyumba imefungwa naandika imefungwa.

Andaa mapema vitu hivi: namba ya mlipa kodi (TIN), ambayo Mamlaka ya Mapato (TRA) wanaitoa bure ukiwa na NIDA, akaunti ya benki yenye jina lako kamili, na matokeo yako ya muhula. Kampuni nyingi zitakukata asilimia 5 ya kodi ya zuio kwenye malipo, hilo ni la kawaida, usidhani umeibiwa. Ila uliza malipo yanatoka lini. Wengine hulipa wakishamaliza kusafisha takwimu, na hiyo inaweza kuwa mwezi mzima baadaye. Usiingie kazini ukitegemea hela hiyo kwa chakula cha wiki ileile, na uliza kama posho ya usafiri inatangulia au unatanguliza wewe.

Sijagusa kazi za kuhudumia kwenye kumbi za harusi kwa sababu nilizifanya kidogo tu. Hela inalipwa usiku uleule, hilo ni zuri, lakini unatoka saa saba usiku na bodaboda inakula sehemu kubwa, na Jumapili yako yote inakwisha kwa usingizi. Wapo waliozimudu.

Kama sasa hivi uko mwaka wa kwanza na mfuko umekauka, ushauri wangu wa kwanza ni kwamba muhula wa kwanza usitafute kazi kabisa, ukiweza kuvumilia. Jua kwanza majaribio yanawekwa siku gani, mwalimu yupi anachukua mahudhurio, somo lipi linakulemea. Kata matumizi, pikeni wawili watatu pamoja, uza ujuzi mdogo ulionao palepale hosteli, kama kusuka au kuchapa kazi za wenzako. Ukishaijua ratiba, chukua kalamu uandike saa zako huru za wiki, na kazi itakayokuja iingie humo.

Na watafute wanaomaliza. Kila mwaka chuo kinatoa watu wenye nyumba za twisheni, wenye wasimamizi wa utafiti wanaowaamini, wenye maduka yaliyowazoea, na wengi wanaondoka bila kumwachia mtu. Mimi nyumba zangu mbili za Mbezi Beach nilimwachia binti wa mwaka wa pili niliyekuwa naye kwenye kikundi cha kujisomea, kwa sababu aliniuliza. Aliniuliza mwezi Mei, nikapata muda wa kwenda naye mara mbili akazoeana na watoto. Wenzake watatu waliniuliza Julai, nikiwa nimeshafungasha mizigo, na sikuwa na cha kuwapa.